Fundi wa Nyumba za Eda

Kwanza nilisikia ukuta ukigongwa. Nilikuwa mtoto, nimelala na homa mchana, shavu nimelibandika ukutani kwa sababu kuta zetu za mawe hutunza ubaridi hata jua likiwa kali, na sauti ikanijia kutoka ndani ya jiwe: ngo, ngo, kimya, kisha ngo nyingine nzito zaidi, kana kwamba humo mna mtu anayetafuta pa kutokea. Nikamwita mama. Mama akatega sikio, akacheka.

"Si jini hilo. Ni Fundi, yuko kwa jirani. Yuatafuta waya wapita wapi."

Nyumba za Mji wa Kale zimeegemeana kama wazee msikitini, na nyaya zake nyingi zilizikwa chini ya chokaa na watu ambao nao wameshazikwa. Fundi aligonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, sikio amelilaza kwenye plasta, na pale ukuta ulipojibu kwa sauti ya uwazi alijua kuwa ndani yake mna waya. Nilimngoja aje kwetu nimwone. Nilitarajia mwanamume mwenye ngazi. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mikono ya buibui ameikunja hadi viwikoni, na nyusi zake zimejaa vumbi jeupe hata nikadhani amezeeka ghafla akiwa njiani.

Jina alikuwa nalo, na limeandikwa kwenye leseni yake, lakini mtaani sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Fundi, basi. Ukimtaka fundi mwingine ilikubidi ueleze zaidi: fundi wa nguo, fundi wa mbao, au yule fundi stima wa Kaloleni mwenye kibanda karibu na soko. Fundi peke yake alikuwa mmoja.

Alifanya kazi kila mahali, lakini nyumba zilizomhitaji kuliko zote zilikuwa nyumba za eda. Mjane akikaa ndani ile miezi minne na siku kumi, hakai na wanaume wasio maharimu wake. Sheria haikatazi fundi mwanamume kuingia. Mjane ajitenge chumbani, pazia lishushwe, kazi ifanywe. Lakini watu wa mji huu huona uzito. Nyumba imetokwa na mwanamume wake, kisha aje mgeni apande ngazi na kuuangalia ua kutoka juu? Kabla ya Fundi, nyumba ya namna hiyo ikiharibikiwa na stima ilikaa gizani hadi mkwe apate ruhusa kazini bandarini, au hadi eda iishe. Baada ya Fundi, ulituma mtu tu akamwambie.

Hakuingia nyumba hizo kama alivyoingia nyingine. Vyombo vyake alivizungusha kanga kuukuu ili vyuma visigongane. Hakutaja stima mpaka atoe rambirambi, anywe kahawa, amsikilize mjane akisimulia siku ya mwisho ya marehemu, hata kama alishaisikia hadithi hiyo kwa watu wengine. Na hakuzima kamwe swichi kuu. Alikata umeme wa chumba kimoja na kuacha mwingine, akifanya kazi huku na moto wa umeme uko kule, mradi feni ya mwenye msiba iendelee kuzunguka.

"Feni ikinyamaza," alisema, "mwenye msiba husikia kila kitu."

Hiyo ilikuwa hatari, na alijua. Yule fundi wa Kaloleni alimwambia siku moja mbele ya watu, kibandani kwake, "Mama, wewe hushona karibu na nyoka aliye macho."

"Namjua alalapo," Fundi akamjibu. "Weye funga nyaya zako kama mtu afungaye mbuzi."

"Na mbuzi wangu hawajatoroka, Mama."

Watu walicheka. Fundi hakucheka, lakini nilimwona akiuma shavu kwa ndani.

Alijiamini kwa sababu ya mikono yake. Kila kitu alikigusa kwa mgongo wa mkono. Mafundi wa zamani walifunzwa hivyo: kiganja kikishika chuma chenye umeme hufumba, na kikishafumba hakiachi, lakini mgongo wa mkono ukiguswa, mkono hujivuta wenyewe. Basi yeye aliuzoea ulimwengu mzima kwa upande huo. Alipima homa hivyo, alipima chai hivyo, alimbembeleza mtoto hivyo. Binti yake, ambaye sasa ameolewa Kisauni, aliniambia kuwa alipokuwa mdogo alimuuliza mamake kwa nini humpapasa shavu kama mtu apimaye joto la kikaango. Mamake alimjibu, "Ili nisikung'ang'anie."

Nilimwona akipitisha mgongo wa vidole kwenye ubavu wa friji ya jirani, polepole, macho amefumba. Akasimama mahali. "Hii yanong'ona," akasema. Umeme ulikuwa ukivuja kidogo kwenye bati, kidogo sana, kama kutambaa kwa sisimizi. Sisi sote tulikuwa tukiigusa friji hiyo na hatukuwahi kusikia kitu. Baada ya hapo alisema "salama" au "si salama", na neno lake lilitosha. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Ukitaka kumjua, basi jua hili. Hakuogopa umeme, wala hakuogopa kuanguka ngazini. Aliogopa kupotewa na mikono. Pamoja na mikono zingeondoka nyumba zote alizofunguliwa, na wanawake wote waliokaa ndani wakingoja mtu wa kuwawashia taa bila ya kuwatia haya. Na alipokuwa akiiogopa siku hiyo ya kupotewa, ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaingia mwilini mwake zamani.

Kahawa aliinywa chungu, kwa amri ya daktari. Halwa aliila. "Daktari alitaja sukari," alisema, akichota kwa kidole. "Halwa hakuitaja."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake namna hiyo. Sebule yake mwenyewe ilikuwa na taa iliyoungua miaka na mikaka, na jioni ulimkuta amekaa gizani, miguu ameinyoosha. Majirani walimwambia mganga hajigangi. Alisema mganga amepumzika. Aliyeshika moto kutwa nzima, radi ikipiga mbali upande wa Likoni alifunika kioo kwa shuka na kukaa katikati ya kitanda akisoma dua. Wasichana wa mtaa waliomwambia wanataka kusomea umeme, aliwafukuza kwa maneno makali. Kazi hii huvunja kucha, aliwaambia, huvunja mgongo, na wachumba hukimbia. Lakini mmoja wao alipokataliwa na babake, Fundi alivaa buibui lake jipya, akaenda akaketi kwenye baraza ya mzee huyo tangu alasiri, hasemi kitu, anapokea salamu za wapita njia, mpaka mzee akachoka na aibu akakubali. Msichana huyo alisoma katika chuo cha ufundi upande wa Buxton, na sasa ameajiriwa na wajenzi Nairobi. Alipopata kazi huko Fundi alilalamika mwezi mzima. Alikuwa amemtaka abaki.

Yeye mwenyewe alianza kwa kuajiriwa na mkandarasi aliyekuwa akitia stima kwenye majumba ya Kizingo. Huko watu huingia kwa gari na kushuka ndani ya geti, na hakuna anayemjua anayepita kwa miguu. Alisimulia kuwa bibi mmoja mwenye nyumba alimfungulia, akamtazama, akatazama nyuma yake.

"Fundi mwenyewe yuko wapi?"

"Yuaja," akasema, akapita, akafungua sanduku la fyuzi, akaanza kazi. Bibi akakaa kwenye kiti kumngoja fundi mwenyewe. Fundi alipomaliza alimwambia, "Akija mwambie nimemaliza," akaenda zake. Hadithi hiyo aliisimulia akichekesha, na kila mara alipofika mwisho wake alikunja uso kidogo. Aliacha kazi ya mkandarasi muda si mrefu, kwa sababu alipewa kushika tochi tu, wenziwe wakifunga nyaya. Ndipo akarudi mtaani, na ndipo nyumba za eda zikampata.

Baba yangu alipofariki, mama aliingia eda katika chumba kilekile walicholala tangu waoane. Fundi alikuja kabla hatujamwita. Nilijua kilichomleta, maana alikuwa na desturi moja ambayo wanawake wa mtaa waliingoja na kuiogopa. Katika nyumba nyingi za kwetu, swichi ya taa ya chumbani imewekwa upande wa kitanda anaolala mume. Mume ndiye azimaye taa. Akiondoka, mke hubakia kunyoosha mkono kupitia mahali patupu kila anapotaka kulala. Fundi aliihamisha swichi hiyo, na hakupokea chochote. Lakini ilimbidi kwanza aulize swali, nami nimewaona wanawake waliostahimili jeneza, wakastahimili hitima, wakastahimili na nguo za marehemu kugawiwa, kisha swali hilo likawavunja.

"Sasa walala upande gani, shoga?"

Mama alikitazama kitanda kwa muda mrefu. "Palepale pangu. Pake sijapagusa."

"Usipaguse mpaka utakapotaka. Swichi nitakuletea kwako."

Kisha alipanda kigoda kubadilisha taa, kwa kuwa wenye eda aliwawekea yenye mwanga mdogo. Macho yaliyolia, alisema, hayapendi kushitukizwa. Iliyokuwa juu ilikuwa globu ya zile za zamani zinazopata moto, na ilikuwa ikiwaka tangu alfajiri. Aliizima, akaifungua, akashuka nayo kiganjani, akaendelea kuzungumza na mama juu ya mizaha ya baba, jinsi alivyomwita "Bwana Fundi" na kumpisha njia kwa kuinama. Nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya kitu kinachoungua, na nilitazama dari, nilitazama swichi, kabla ya kutazama mkono wake.

"Fundi," nikasema, "hiyo globu."

Aliutazama mkono wake kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeingia chumbani bila ya kuitwa. Akaiweka globu juu ya meza. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeng'aa na kuvimba.

"Umeungua, shoga," mama akasema.

"Si kitu. Nimezoea moto."

Aliimaliza kazi, swichi akaileta upande wa mama, akanywa kahawa, akaenda. Mama alingoja mpaka hatua zake zipotee kwenye kichochoro.

"Mikono yake imelala," akasema. "Nyanya yako alianza hivyo hivyo, kwa miguu."

"Tumwambie?"

"Utamwambia nini? Kwamba asije?"

Hatukumwambia. Nilimwona akipita mtaani wiki zilizofuata na furushi la kanga yake kwapani, nikamsalimu, naye akauliza hali ya mama. Kila nilipomwona akiingia kwenye nyumba ya watu nilitamani kumfuata. Mara moja tu tena alikuja kwetu, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu haukupita muda akalazwa, na hakutoka hospitali. Mama hakuweza kwenda matangani kwake. Eda yake ilikuwa imebakisha siku chache, na alimlilia humohumo chumbani.

Siku hiyo ilikuwa asubuhi. Pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ilikuwa imeanza kufanya kiburi: hunguruma, hukoma, hunguruma tena. Fundi alikuja, akavua viatu mlangoni, akatoa salamu zake zote bila ya haraka. Akakaa na mama. Akaenda uani. Sakafu ya ua ilikuwa na maji. Aliinama, akapitisha mgongo wa vidole kwenye mwili wa pampu, polepole, macho amefumba, kama nilivyomwona miaka yote.

"Salama," akasema. "Ni swichi yake tu imeota kutu. Chumvi ya bahari hii."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa ua. Akasema, "Mimi alfajiri imenishika."

"Imekushika nini?"

"Pampu. Niliigusa nikitaka kuifuta. Imenishika mkono mpaka hapa."

Fundi akairudia. Akapitisha mgongo wa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, juu hadi chini, akasimama mahali, akaendelea, akarudi. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayebisha kwenye nyumba ambayo anajua mwenyewe hajatoka. Mimi nilikuwa karibu naye, na nilikuwa nikiomba, wala sijui nilikuwa nikiomba asisikie au asikie.

Aliifungua kanga, akatoa testa, ile bisibisi ndogo yenye kitaa ndani ya mpini, ambayo sikuwahi kumwona akiitumia isipokuwa kuwafundishia wengine. Akaigusisha kwenye chuma. Kitaa kikawaka, chekundu, kwa utulivu kabisa.

Alikitazama. Kisha, testa ikiwa bado mahali pake na kitaa kikiwaka, aliweka mgongo wa mkono wa pili kando yake, kwenye chuma kilekile, akauacha hapo.

"Fundi, ondoa," nikasema.

Akauondoa. Akainuka kwa kushika goti, akaenda ukumbini, akafungua kisanduku, akazima swichi kuu.

Feni zote za nyumba zilipungua mwendo, zikasimama. Nilisikia mtu akihesabu dhikiri kwa kokwa za tende kwa jirani, nikasikia tone la maji likianguka ndani ya tangi juu yetu. Mama alisema jina la baba. Hakuwa akitaka tulisikie.

"Nisamehe, shoga," Fundi akasema. Kisha akaniambia mimi, "Nenda kwa yule wa Kaloleni. Mwambie mimi ndiye nimwitaye."

Fundi wa Kaloleni alikuja amevua kofia tangu kichochoroni. Alikohoa mlangoni ili watu wajitayarishe.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," Fundi akamwambia. "Pita moja kwa moja hadi uani. Macho chini."

"Mama, nikiweka macho chini nitaionaje pampu?"

"Pampu iko chini."

Nyuma ya pazia, mama akacheka. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu baba afe. Fundi wa Kaloleni alipita na uso wake hautabasamu hata kidogo, kwa heshima, akachutama kwenye maji.

Fundi alikwenda kukaa na mama chumbani. Joto lilikuwa limeanza kujaa humo. Mama akachukua kipepeo cha ukindu, na badala ya kujipepea mwenyewe akawa anampepea mwenziwe, taratibu, kama mtu apepeaye jiko asilotaka liwake sana.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Tangu Ramadhani. Kwanza vidole vidogo. Nikajiambia ni uchovu, funga hii na joto hili." Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja juu, na bado alama ya globu ilikuwa haijapona. "Nikawa napita kwa watu nasema salama. Friji, pasi, pampu. Salama, salama. Wananipa kahawa."

"Pana aliyedhurika?"

"Sijui." Akaigeuza mikono, viganja chini. "Wana watoto nyumba zile."

Mama hakumwambia usijali, wala Mungu ni mkubwa, ingawa ni maneno ambayo sisi sote tungeyasema. Aliendelea kumpepea. Kutoka uani fundi wa Kaloleni aliuliza kama waya wa ardhi wa nyumba hii umezikwa upande gani, na Fundi, bila ya kuinuka, alimwelekeza: chini ya ngazi, jiwe la pili kutoka kwenye pipa, ufukue kidogo, usiukate. Alimwelekeza kwa sauti ya chini, wala hakutaja mbuzi.

Kazi ilipokwisha swichi kuu ikawashwa, feni zikaanza kuzunguka. Fundi alitoka chumbani akaenda uani, akasimama mbele ya pampu. Niliona mkono wake ukianza kuinuka. Akaurudisha.

"Umepima?" akamuuliza.

"Nimepima, Mama."

"Pima tena nione."

Akapima tena kwa testa, na kitaa hakikuwaka.

"Una kazi leo?" Fundi akamuuliza.

"Ninayo ya jioni."

"Basi kuanzia sasa hadi jioni twende pamoja. Nina nyumba za kukuonyesha. Nitaingia mimi kwanza, niwaambie wenyewe kwamba neno nililowapa walirudishe. Kisha utaingia weye. Na kwa wenye eda nitakaa nao chumbani mpaka umalize, wasione vibaya."

Yule wa Kaloleni alikuwa mtu wa mizaha, lakini sasa hakufanya hata mmoja. "Sawa, Mama," akasema. Akainama, akaikusanya kanga pamoja na vyombo vyote vya Fundi, akaifunga fundo kwa uangalifu ili visigongane, akaiweka begani pake.

Mwenye eda hamsindikizi mgeni. Mama alifika hadi kwenye pazia la ukumbi, akasimama hapo, kidole chake amekitia kwenye upindo wa kitambaa.

"Uje," akasema. "Uje hata kama hapana kilichoharibika."

Fundi alikuwa akitafuta viatu vyake kwa miguu, akiinama kuvitazama ili ajue kama vimeingia. Alichukua muda. "Nikizimaliza nyumba hizi," akasema.

Akatoka, buibui lake limechafuka maji ya ua upindoni. Fundi wa Kaloleni akamfuata na mzigo, akageuka, akauvuta mlango wetu polepole mpaka ukafungika.